Pumzi ya Shimo la Mukhisa

Nyaguthii aliamshwa na pumzi. Mwanzo alidhani ni mtoto wa Joan katika chumba cha pili, lakini mtoto alikuwa akilia, na hii haikuwa sauti ya kilio. Ilikuwa pumzi moja iliyotoka huko nje, nyuma ya jiko, ikaendelea kutoka, ndefu kuliko kifua cha mtu yeyote kinavyoweza kubeba. Akavuta blanketi hadi puani. Alikuwa amesomea mambo ya ardhi chuoni, na alijua kwamba shimo lililotobolewa kwenye mwamba wenye nyufa huvuta hewa na kuitoa kulingana na uzito wa hewa iliyo juu yake. Swali hilo aliwahi hata kulijibu kwenye mtihani. Lakini mtihani aliufanya mchana, katika ukumbi wenye watu mia mbili, na hapa alikuwa amelala peke yake chini ya koti la marehemu mwenye nyumba.

Koti lilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda, mabega yake bado yakiwa na umbo la mwenyewe. Mama Sellah, mjane wake, hakuwahi kulitoa. "Ukiona baridi, livae," alikuwa amemwambia usiku alipofika kutoka Kitale. Baridi ya miteremko ya Mlima Elgon aliiona hasa, lakini koti hakuligusa.

Kisha akasikia sauti ya mtu nje, ikiita majina.

"Wekesa? ... Khaemba? ... Simiyu?"

Alijifunga leso akatoka. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nyuma ya jiko, bomba la chuma lilichomoza kutoka ardhini hadi usawa wa goti, na mdomoni mwake mvuke mweupe ulikuwa ukipanda taratibu na kupotelea kwenye migomba. Mama Sellah alikuwa amechuchumaa kando yake, shuka limemfunika kichwa. Aliita jina, akatega sikio, akatikisa kichwa, akaita jingine.

Nyaguthii alijua anachofanya, kwa sababu Joan alikuwa amemweleza jana jioni. Kwa Wabukusu, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wakubwa humwitia majina ya waliotangulia, moja moja. Anaponyamaza, basi mwenye jina hilo ndiye anayemliza, na mtoto hupewa jina hilo. Lakini Joan hakuwa amemwambia kwamba mama mkwe wake huliitia hata shimo.

"Umeamka, mwanangu?" Mama Sellah aliuliza bila kugeuka. "Ulilala?"

"Nililala, Mama."

"Uongo. Hakuna mgeni hulala hapa." Alicheka kidogo, meno machache. "Leo nimeanza na wa upande wa baba wa mtoto. Lakini najua ni nani. Naita hao wengine tu ndio shemeji yangu asiseme nampendelea mume wangu."

Shimo hilo lilichimbwa na mumewe, Mukhisa. Alikuwa na ndoto ya maji, hadi akauza kipande cha shamba la baba yake na kuleta mashine ya kuchimba. Mashine iliteremka mita mia moja na hamsini, ikatoa vumbi, ikatoa kokoto nyeusi, ikaondoka. Sokoni walimpa jina la Mzee Upepo. Hakuishi mwaka baada ya hapo. Alilala jioni moja na asubuhi hakuamka, na tangu hapo hakuna mjukuu aliyepewa jina lake, maana mdogo wake Wabwile, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alikataa. Jina la mtu aliyeuza udongo wa baba yake akanunua upepo, alisema, litamfanya mtoto naye awe upepo.

Hayo yote yangebaki ya nyumba hiyo kama kijana mmoja asingepita alfajiri na simu yake. Alirekodi ule mvuke, akauweka mtandaoni, na watu wakaanza kusema Elgon umeamka. Video ikafika eneo la Kwanza, kule Kitale, kwa ushirika wa wakulima wa mahindi ambao msimu uliopita waliona magunia yao yakiota ukungu ghalani kwa sababu dizeli ya mashine za kukausha ilikuwa haishikiki. Mvuke! Kama ule wa Naivasha unaozalisha stima! Wao stima hawakuitaka, walitaka joto tu la kukausha mahindi, liwe lao, lisilopandishwa bei na mtu. Wanachama walikuwa wameshachanga karo za watoto na bei za ng'ombe. Kabla ya kuleta mashine kubwa, mwenyekiti wao akaajiri kampuni ndogo ya Kitale ije kupima. Kampuni yenyewe ilikuwa Dancan Kibe, gari lake, na Nyaguthii.

Na Wabwile, aliposikia, alikuwa amesimama mbele ya watu kanisani akasema kwa kicheko: "Hiyo shimo ikitoa kitu, hata kama ni moto, mimi mwenyewe nitampa mtoto wa Joan jina la ndugu yangu."

Ndiyo maana Mama Sellah alimpa mgeni kitanda cha marehemu.

*

Wabwile alikuja wakati wa chai, amevaa gambuti, na hakukaa.

"Mulamwa, habari ya kuamka," alimsalimu shemeji yake. Kisha akamgeukia Nyaguthii. "Sasa, injinia. Umepata moto, ama bado ni upepo?"

"Bado... bado sijapima, Mzee."

"Ongea na nguvu, hatuuzi maneno hapa." Akachungulia jikoni, ambako Joan alikuwa akimpembeleza mtoto aliyekuwa mwekundu kwa kulia. "Huyu bado? Mbona hamumpi hata Khaemba? Khaemba alikuwa na ng'ombe."

"Tumemwita Khaemba," Joan alisema. "Anazidisha."

"Basi ni tumbo. Mpe dawa ya tumbo."

"Si tumbo, Wabwile," Mama Sellah alisema polepole. "Na wewe unajua."

Wabwile alimwaga chai iliyobaki kwenye majani. Nyaguthii aliona kwamba alipoondoka hakupita njia fupi ya nyuma ya jiko. Alizunguka nyumba yote, pamoja na gambuti zake na ukubwa wake, ili asilipite lile bomba.

Kwao Moi's Bridge, alikokulia Nyaguthii, jina halikuwa jambo la kuomba. Yeye alikuwa Nyaguthii kwa sababu bibi yake mzaa baba alikuwa Nyaguthii, na angekuwa hivyo hata kama bibi angekuwa mwizi wa kuku. Ilimwia vigumu kuelewa kwamba mtu anaweza kufa, kisha akafungiwa mlango.

Aliandaa vifaa vyake. Kwanza mashine ndogo ya kupima uzito wa hewa, kisha kamba ndefu iliyotiwa alama kila mita kumi, na mwishoni mwa kamba themometa ndani ya ganda la chuma, yenye waya uliopandisha namba hadi kwenye kioo alichokishika mkononi. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Unateremsha, unasubiri namba itulie, unaandika, unateremsha tena. Kila mahali duniani, ukishuka, joto hupanda. Linalouzwa na kununuliwa ni kasi ya kupanda huko. Naivasha, moto uko karibu. Elgon ulizimika zamani sana, kabla hapajakuwa na mtu wa kuuona.

"Nikae?" Mama Sellah aliuliza.

"Kaa tu, Mama."

Akakaa. Mtoto alikuwa akilia ndani. Shimo lilikuwa bado linatoa pumzi, na hewa iliyompiga Nyaguthii usoni ilikuwa na harufu ya udongo wa kaburi lililo wazi. Aliishika themometa juu ya mdomo wa bomba. Nyuzi ishirini na mbili. Basi. Hewa ya ardhini isiyo na joto lolote la maana, ila tu asubuhi ya mlimani ilikuwa baridi sana, nayo hewa hiyo ikikutana na baridi hugeuka mvuke, kama pumzi ya ng'ombe zizini. Huo ndio moto wa Elgon. Akamtazama yule mama, akaamua kwamba atamaliza kwanza, huenda chini kuna jambo.

Mita kumi. Ishirini. Namba zilikuwa za kawaida, mwendo wa kinyonga. Mama Sellah alianza tena kuita, kwa sauti ya chini, si kwa shimo sasa, ni kama aliyekuwa akiongea na mtu aliyelala kitanda kimoja naye.

"Mukhisa. Wamekuja kukuangalia. Usinitie aibu."

Kamba ilikuwa imefika mita tisini. Nyaguthii alisubiri namba itulie. Ilipanda. Ishirini na tano, ishirini na tisa. Akadhani waya umegusa kitu. Thelathini na tatu. Thelathini na saba, na hapo ikasimama, haikucheza hata nukta, kama mtu aliyefika mahali alipokuwa akienda.

Ndani ya nyumba, mtoto alikuwa amenyamaza.

Hakujua alishika kamba hiyo kwa muda gani. Mama Sellah alikuwa hasomi namba, lakini alikuwa akimsoma yeye uso. "Ni nini?"

"Subiri, Mama. Tafadhali."

Mita mia moja: ishirini na mbili. Mia moja na hamsini, kwenye matope ya chini kabisa: ishirini na tatu na nusu. Akaivuta kamba yote juu, akaishusha upya. Kwenye tisini, ishirini na moja. Akaivuta tena, akaishusha mara ya tatu, na Mama Sellah akaliita lile jina tena bila kuombwa, kwa sauti kubwa zaidi. Ishirini na moja. Ndani, mtoto alishaanza kulia upya.

*

Dancan alipiga simu kutoka Bungoma mjini, alikokuwa amekwenda kwenye ofisi za kaunti kuulizia kibali cha kuchimba. Nyuma yake pikipiki zilikuwa zikipiga honi.

"Niaje, Nyagu. Nipe habari njema."

Alimweleza. Hakumficha chochote, hata ile namba.

"Thelathini na saba!" Dancan akapaza sauti. "Si hiyo ndiyo tunatafuta? Mita tisini tu! Hiyo ukiipigia hesabu, ushirika wanaleta mashine kesho."

"Ilikuja mara moja tu, Dancan. Mara mbili nilizorudia haikuja. Na chini yake kuna baridi. Joto haliwezi kukaa katikati peke yake hivyo, kama... kama mtu kwenye ngazi."

"Mara moja ni mara moja, bana. Uliiona ama hukuiona?"

"Niliiona."

"Basi andika. Sema kuna dalili, hatua ya pili inahitajika. Hatua ya pili ndiyo kazi yenyewe, Nyagu. Hii ya kushusha kamba ni mafuta ya gari tu."

Alipokata simu, Nyaguthii alibaki ameketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Ili kupata joto la kukausha mahindi katika ardhi ile ingebidi kushuka zaidi ya kilomita, na kila mita ya kwenda chini ni ghali kuliko ya juu yake. Mashine ingekula michango yote kabla ya kufika nusu ya safari. Watu wa Kwanza wangerudi kwa watoto waliokaa nyumbani bila karo, na wangekuwa na shimo la pili linalopumua. Hilo alilijua vizuri, na lilimpa kazi moja tu ya kufanya. Lililomshinda ni lile jingine. Kusema hakuna joto ni kumzika Mukhisa mara ya pili, na safari hii mtu wa kutupa udongo atakuwa yeye.

Mama Sellah alikuja akakaa chini karibu na miguu yake.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna, Mama. Mvuke ni baridi ya asubuhi tu. Na ile pumzi ni uzito wa hewa. Ukipungua juu, shimo linatoa, ukizidi, linavuta."

"Lakini ulishtuka. Nilikuona."

Nyaguthii angeweza kunyamaza. "Mara moja ilisema thelathini na saba. Sijui kwa nini. Inaweza kuwa waya."

Mama Sellah aligeuka akalitazama bomba. Kisha, kwa sauti ndogo iliyomfanya aonekane msichana: "Kesho kwenye mkutano huwezi kusema hiyo moja? Hizo zingine uache?"

"Wameuza ng'ombe, Mama."

"Eeh." Akapangusa magoti. "Kama yeye."

Usiku huo Nyaguthii hakulala. Shimo lilikuwa kimya, na ukimya wake ulikuwa mbaya kuliko pumzi, kwa sababu alijua kwamba lilikuwa likivuta.

*

Mkutano ulifanyika uani, chini ya turubai. Watu wa Kwanza walifika na lori, wa kijiji wakaja kwa miguu, na mwenyekiti wa ushirika, Mwihaki, alikaa mbele na mkoba magotini. Alikuwa muuguzi Kitale hadi alipostaafu na kurudi kwenye mahindi, na alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kuambiwa uongo na wagonjwa. Joan alisimama mlangoni na mtoto anayelia. Dancan alisema maneno mazuri ya kufungua, kisha akamsukuma Nyaguthii mbele kwa mgongo wa mkono.

Chuoni alikuwa akitoa maelezo huku akiutazama ubao, ili asiwaone watu. Hapa ubao haukuwepo. Akautazama mkoba wa Mwihaki.

"Hapa hakuna joto la kukausha mahindi," alisema. "Yaani, liko, lakini liko chini sana. Pesa mliyochanga haiwezi kufika huko."

Watu wakaguna. Wabwile, nyuma, akapiga paja. "Si nilisema? Upepo!" Kicheko kikatoka hapa na pale. Mama Sellah hakuinua uso.

"Ngojeni," Nyaguthii alisema, na sauti yake ikakatika, akaianza upya. "Mimi nimeweza kuwaambia hivi kwa kushusha kamba tu, kwa sababu shimo lilikuwepo. Bila hili, mngechimba la kwenu ndio mjue. Marehemu ndiye amewalipia."

Mdomo wa Wabwile ulibaki umepinda. "Amelipia na shamba ya baba yangu. Asante yake."

"Binti," Mwihaki aliuliza, "umepima mara ngapi? Namba zote zilifanana?"

Hapo ndipo Dancan alipoinua kichwa. Nyaguthii aliliona swali kama mlango. Kuipitisha namba ile kungekuwa kuwapa sababu ya kuchimba. Kuificha kungekuwa kudanganya. Hakuwa hodari wa kudanganya.

"Mara tatu. Zilifanana zote, isipokuwa moja. Mara ya kwanza, kwenye mita tisini, ilipanda ikasimama. Haikurudi tena. Siwezi kuihesabu, na msiihesabu."

"Ilisimama wapi?"

"Thelathini na saba."

Mwihaki alivua miwani. Aliipangusa kwa ncha ya leso, akaivaa, akamtazama Mama Sellah, si Nyaguthii. "Thelathini na saba," alisema, "ni joto la mtu. Mtu mzima, asiye mgonjwa."

Hakuna aliyecheka. Nyaguthii alifungua kinywa kusema habari za waya, na unyevu, na mashine kuukuu, na kweli aliyasema yote, kwa mpangilio mzuri kuliko alivyowahi kusema kitu maishani mwake. Hakuna aliyemsikia. Waliokuwa wamekaa upande wa jiko walikuwa wanavuta viti vyao, taratibu, bila kugeuka.

"Mimi sichimbi hapa," mzee mmoja wa Kwanza akasema. "Mnirudishie changu."

"Hata mimi."

"Tutafute ile mashine inachoma magunzi. Magunzi tunayo bure."

Kura haikupigwa. Watu walisimama tu, kama wanavyosimama mazishini kaburi likishafukiwa. Dancan alikuwa akikunja karatasi zake kwa hasira, akimwambia Nyaguthii kwa meno yaliyofungwa, "Namba ulikataa kuandika, ndio umeenda kuitangaza." Nyaguthii alikuwa akimtazama Wabwile.

Wabwile alikuwa amepita katikati ya watu hadi mlangoni kwa Joan. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Alinyoosha mikono, na Joan, kwa woga, akampa mtoto.

"Nilisema ikitoa kitu," alisema. Hakuwa akiongea na yeyote aliyekuwepo. "Mimi sikujua itakuwa ni hivi. Haya. Chukua. Mukhisa. Ni Mukhisa. Uache kukaa hapo chini kwa baridi, tafadhali."

Mtoto hakunyamaza. Alilia vilevile, ngumi zimekunjwa, na Wabwile akamrudisha kwa mama yake upesi, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Nyaguthii alikuwa anafunga vifaa vyake barazani wakati turubai lilipokuwa linashushwa. Alitaka mtu amkasirikie au amshukuru, lakini wote walimpita kwa adabu ya mbali, kama anavyopitwa mtu aliyetoka kuosha maiti. Alikuwa amesema ukweli, wote, na wakulima wangelala na pesa zao. Hakuna hata mmoja aliyeacha kuchimba kwa sababu aliyowapa. Na yeye mwenyewe, ambaye aliamini kila neno lake kuhusu waya na unyevu, alikuwa ameikunja kamba yote bila kupeleka mkono kwenye alama ya mita tisini.

Ndani, Joan alikuwa amekaa kitandani, anahangaika kumtia mtoto ziwa mdomoni.

"Mukhisa," alimwambia kwa uchovu, jinsi mama yeyote anavyomwambia mtoto wake, "nyonya basi, tulale."

Jina hilo halikuwa limeitwa ndani ya nyumba hiyo tangu mwenyewe alipolala. Mama Sellah, aliyekuwa jikoni, alikuja mlangoni na mwiko mkononi. Hakumtazama Joan, wala mtoto. Alitazama nyuma yao, kwenye chumba chenye giza lilimoning'inia koti, akasimama hapo, akisubiri kuona nani ataitika.